MIFUMO YA KOMPYUTA INAPOPELEKEANA HABARI: Kujifunza Uunganishaji kwa Kiunzi Huria

Mwananchi anayenunua umeme wa LUKU kwa simu ya mkononi huona jambo moja tu: ameandika namba ya mita na kiasi cha fedha, na baada ya muda mfupi amepokea ujumbe wenye tarakimu 20. Nyuma ya jambo hilo moja kuna kazi ya mifumo kadhaa ya kompyuta ambayo haikutengenezwa na mtu mmoja, haikai mahali pamoja, wala haiandiki habari zake kwa namna moja. Mfumo wa kampuni ya simu huangalia salio na kutoa fedha. Mfumo wa malipo huzipokea fedha hizo kwa niaba ya shirika la umeme. Mfumo wa mauzo wa shirika hupiga hesabu ya uniti na kutengeneza zile tarakimu, kisha mfumo wa ujumbe mfupi huzirudisha kwa mnunuzi. Ikiwa mmoja tu kati yao hakuelewana na mwenzake, fedha imeondoka na nyumba imebaki gizani.

Kazi ya kuiwezesha mifumo ya namna hii kuelewana huitwa uunganishaji wa mifumo. Ni tawi la uhandisi wa kompyuta ambalo mwanafunzi hukutana nalo kwa kuchelewa, kwa kuwa masomo ya mwanzo humfundisha kuandika programu moja inayofanya kazi peke yake. Makala haya yanaeleza misingi ya kazi hiyo, kisha yanaonyesha jinsi mwanafunzi anavyoweza kuianza kwa kutumia kiunzi huria kiitwacho Apache Camel. Shabaha yake kubwa ni kuonyesha kwamba kusafirisha habari kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ni kukubaliana juu ya maana ya habari hiyo, na juu ya lipi lifanyike inapopotea njiani.

HESABU YA WAKALIMANI

Chukua mfano wa hospitali yenye mifumo minne: wa usajili, wa maabara, wa duka la dawa na wa malipo. Kila mmoja ulinunuliwa kwa wakati wake na kutoka kwa muuzaji wake. Mfumo wa usajili huandika umri wa mgonjwa kwa miaka. Ule wa maabara hutaka tarehe ya kuzaliwa. Mmoja huandika jinsia kwa herufi, mwingine kwa namba. Mmoja hutanguliza jina la mgonjwa, mwingine hutanguliza jina la ukoo. Kila mmoja uko sahihi kwa kanuni zake, na hata hivyo hauwezi kusoma daftari la jirani yake bila mkalimani.

Wakalimani wangapi wanahitajika? Ikiwa kila mfumo utazungumza na kila mwingine moja kwa moja, na kila upande wa mazungumzo una mkalimani wake, basi mifumo n huhitaji wakalimani n(n−1). Kwa mifumo 4 idadi hiyo ni 12; kwa mifumo 10 ni 90; kwa mifumo 20 ni 380. Mfumo mmoja ukibadilishwa, wakalimani wote wanaougusa lazima wafundishwe upya.

Njia ya pili ni kukubaliana juu ya lugha moja ya pamoja. Kila mfumo hupewa wakalimani wawili tu: mmoja wa kutafsiri kutoka lugha yake kwenda lugha ya pamoja, na mwingine wa kurudisha. Idadi inakuwa 2n: mifumo 10 huhitaji 20, mifumo 20 huhitaji 40. Mwanafunzi makini atagundua kwamba kwa mifumo 2 lugha ya pamoja ni hasara, kwa kuwa wakalimani 4 wanachukua nafasi ya 2. Kwa mifumo 3 njia zote mbili zinalingana, kila moja ikihitaji 6. Na faida huanza mifumo inapofika 4. Hivyo hakuna jibu moja linalofaa kila mahali. Anayeunganisha mifumo miwili tu, na kuanza kwa kujenga kituo kikubwa cha lugha ya pamoja, amejitwisha mzigo usio na lazima. Tena kituo chochote cha katikati kina gharama yake: kikisimama, wote wanaokitegemea husimama nacho.

UJUMBE ULIOFIKA SALAMA UKAPOTOSHA

Watu wengi hudhani kwamba ujumbe ukifika bila herufi kupotea, kazi imekwisha. Msiba wa chombo cha angani kilichoitwa Mars Climate Orbiter unafundisha vinginevyo. Chombo hicho cha Marekani kilirushwa tarehe 11 Desemba 1998 kwenda kuizunguka sayari ya Mirihi. Katika safari, injini zake ndogo ziliwashwa mara kwa mara ili kurekebisha mkao wake, na programu moja iliyokuwa hapa duniani ilipiga hesabu ya msukumo uliotokana na kila mwako. Programu hiyo iliandika matokeo kwa kipimo cha ratili-nguvu-sekunde, ilhali programu ya pili, iliyotumia matokeo hayo kukadiria njia ya chombo, ilitarajia kipimo cha nyutoni-sekunde. Ratili-nguvu moja ni karibu nyutoni 4.45. Kwa hiyo kila msukumo ulihesabiwa kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa, kwa zaidi ya mara nne.

Hapakuwa na faili lililoharibika wala namba iliyofutika njiani. Namba zilifika kama zilivyotumwa. Kilichokosekana ni maana yake. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilikaribia Mirihi. Katika mpango wa awali kilitazamiwa kupita katika kimo cha kilomita 226 juu ya sayari. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kilishuka hadi karibu kilomita 57, mahali ambapo hewa ya sayari hiyo ni nzito kupita uwezo wake, na mawasiliano nacho yakakatika kabisa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Mirihi ili aone jambo hili. Mzee akimwambia mjukuu wake kwamba basi linaondoka saa mbili, wote wawili wanajua kuwa ni saa ya pili tangu kupambazuka. Programu iliyotengenezwa ng'ambo ikipewa namba hiyo hiyo itaandika usiku wa manane uliopita kwa masaa mawili. Tofauti ni masaa sita kamili, na namba yenyewe, yaani 2, haina alama yoyote ya kuonyesha ni ya hesabu ipi. Hali kadhalika, tarehe iliyoandikwa 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwa Mtanzania, na ni tarehe 4 Machi kwa Mmarekani. Ndiyo sababu, tangu mwaka 1988, kuna kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 8601 inayotaka mwaka utangulie, ufuate mwezi, kisha siku: 2025-04-03. Kanuni ya namna hiyo ni sehemu ya lugha ya pamoja iliyotajwa hapo juu.

BARUA BADALA YA MWITO

Mifumo miwili inaweza kuwasiliana kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kama mwito wa simu: anayeuliza husubiri hadi ajibiwe, na anayejibu lazima awepo wakati huo huo. Ya pili ni kama barua: anayeandika huitia katika sanduku la posta na kuendelea na shughuli zake; anayeandikiwa huisoma apatapo nafasi. Sanduku hilo, kwa lugha ya wataalamu, huitwa foleni ya ujumbe. Programu maalumu za kutunza foleni za namna hii zilianza kuenea katika mabenki na makampuni makubwa katika miaka ya 1990. IBM, kwa mfano, ilitoa ile iliyoitwa MQSeries mwaka 1993.

Faida ya barua ni kwamba mfumo mmoja ukizimika kwa saa moja, mwingine hauzimiki pamoja nao. Barua hujikusanya katika foleni, na mfumo ukiwashwa huzisoma zote kwa zamu. Hasara yake ni kwamba aliyetuma hajui mara moja kama kazi imefanyika. Kwa hiyo anayechagua kati ya mwito na barua hana budi kujiuliza: je, anayengoja jibu amesimama dirishani, au atarudi kesho?

RUWAZA ZA KAZI

Mafundi waliounganisha mifumo katika nchi mbalimbali waligundua kwamba matatizo yale yale hujirudia. Mwaka 2003 Gregor Hohpe na Bobby Woolf walichapisha kitabu kiitwacho *Enterprise Integration Patterns*, ambamo walikusanya ruwaza 65 za kazi hiyo, wakaipa kila moja jina na mchoro wake. Ruwaza ni maelezo ya tatizo linalojirudia pamoja na kiini cha ufumbuzi wake, bila kulazimisha vifaa vya aina fulani. Wazo hilo lilitoka katika usanifu wa majengo: mwaka 1977 Christopher Alexander na wenzake walikuwa wamechapisha ruwaza 253 za ujenzi wa miji, nyumba na vyumba.

Baadhi ya ruwaza za uunganishaji zinaweza kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kuona ofisi ya masijala ikifanya kazi.

Kielekezi husoma yaliyomo katika barua na kuamua iende chumba kipi. Maombi ya kipimo cha damu huenda maabara; maombi ya dawa huenda kwa mfamasia.

Kitafsiri hubadili umbo la ujumbe bila kubadili maana yake, kama vile kugeuza saa mbili asubuhi kuwa 08:00.

Kigawanyi huchukua orodha moja yenye vitu vingi na kuifanya kuwa barua nyingi, moja kwa kila kitu. Mgonjwa akiandikiwa vipimo vitatu, barua moja ya daktari huzaa barua tatu.

Kikusanyi hufanya kinyume chake: husubiri majibu yote matatu, kisha huyafunga pamoja na kumrudishia daktari. Hapa pana swali gumu. Jibu la tatu lisipofika, kisubiri hadi lini? Swali hili halijibiwi na kompyuta. Hujibiwa na daktari anayejua ni wakati gani kukosa jibu moja ni hatari zaidi kuliko kuchelewesha mengine mawili.

Sanduku la barua zilizoshindikana hupokea ujumbe ambao, baada ya kujaribiwa mara kadhaa, haukuweza kufikishwa. Bila sanduku hili ujumbe hutupwa kimya kimya, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwapo.

Mpokeaji asiyerudia kazi hukumbuka namba za barua alizokwisha shughulikia. Barua ile ile ikija mara ya pili, huipokea kwa heshima lakini haifanyii kazi tena. Ruwaza hii itajadiliwa zaidi, kwa kuwa fedha za watu wengi huitegemea.

KIUNZI KIITWACHO CAMEL

Kiunzi ni programu iliyoachwa makusudi bila kukamilika. Watengenezaji wake wamekwisha kuandika zile sehemu ambazo kila mtu angezihitaji, na mtumiaji huongeza zile zinazohusu kazi yake tu. Apache Camel ni kiunzi cha uunganishaji kilichoanzishwa na James Strachan, mtu aliyekwisha kuanzisha pia lugha ya programu iitwayo Groovy. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2007, chini ya Apache Software Foundation, taasisi isiyo ya biashara iliyoundwa Marekani mwaka 1999. Toleo la 3 lilitoka mwaka 2019, na la 4 mwaka 2023. Jina lake maana yake ni ngamia, mnyama wa misafara, na kwa kifaa kinachobeba mizigo ya wengine kati ya mahali na mahali jina hilo halikukosea njia.

Camel ina mambo mawili. La kwanza ni ruwaza za Hohpe na Woolf zilizokwisha kuandikwa tayari: kielekezi, kigawanyi, kikusanyi na nyinginezo, kila moja ikiitwa kwa neno moja au mawili. La pili ni viungo vya kuwasiliana na vifaa vya aina mbalimbali, kama faili, foleni za ujumbe, kanzidata, barua pepe na itifaki za mtandao. Viungo hivyo vimezidi 300.

Camel ni programu huria. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia bila malipo, kuusoma msimbo wake wote, kuubadili na kuugawa, mradi atunze matamko ya hakimiliki na masharti mengine machache. Kwa shule na vyuo ruhusa ya kusoma ina thamani kubwa kuliko ile ya kutolipa. Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kwa kuuona mwili wenyewe, wala hatosheki na picha ya ngozi. Vivyo hivyo, anayetaka kujua kielekezi hufanyaje kazi anaweza kufungua msimbo wa kielekezi na kuufuata mstari kwa mstari.

HATUA ZA MWANZO

Anayeanza anahitaji kompyuta moja yenye lugha ya Java. Camel 4 inahitaji Java toleo la 17 au la baadaye. Hahitaji seva wala mitandao miwili, kwa sababu folda mbili za kompyuta hiyo hiyo zinatosha kuwa mifumo miwili. Kiini cha zoezi la kwanza ni mstari mmoja:

from("file:zinazoingia").to("file:zinazotoka");

Neno la kwanza hutaja ujumbe unakotoka, na la pili unakokwenda. Mstari huu ukiwekwa ndani ya darasa dogo la Java na kuendeshwa, Camel huichunguza folda ya kwanza kwa vipindi, na kila faili linalotiwa humo hunakiliwa katika folda ya pili. Faili la asili halifutwi. Huhamishiwa katika folda ndogo iliyofichwa, iitwayo .camel, ili lisisomwe tena. Mwanafunzi anayeitafuta folda hiyo na kuikuta amekwisha kuona kwa macho yake jinsi kiunzi kinavyokumbuka kazi iliyofanyika.

Katika zoezi la pili aweke kielekezi kati ya folda hizo: mafaili yenye neno "damu" yaende folda moja, mengine yaende nyingine. Katika zoezi la tatu aongeze kitafsiri cha tarehe. Zoezi la nne ndilo lenye manufaa kuliko yote, nalo ni kuharibu kwa makusudi. Atie faili tupu. Atie faili kubwa sana, na aone itakuwaje Camel ikianza kulisoma kabla halijamaliza kuandikwa. Atagundua kwamba kuna mpangilio wa kuiagiza isubiri hadi ukubwa wa faili uache kubadilika, na atauliza kwa nini mpangilio huo uliwekwa. Aizime programu katikati ya kazi, aiwashe tena, na ahesabu ni ujumbe gani umepotea na upi umefika mara mbili.

Kujifunza kwa njia hii kunafaa shule yenye kompyuta chache, kwa kuwa wanafunzi wanne wanaweza kushirikiana mashine moja: mmoja akiandika, mmoja akitia mafaili, mmoja akihesabu, na wa nne akiwa mharibifu.

SWALI LA KURUDIA

Sasa turejee kwenye ununuzi wa umeme. Mfumo wa malipo umepeleka barua kwa mfumo wa mauzo, ukisema: "Shilingi 10,000 zimepokelewa kwa mita fulani, toa umeme." Sekunde 30 zimepita bila jibu. Kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea. Huenda barua ilipotea njiani, na hakuna kilichofanyika. Au huenda barua ilifika, umeme ukatolewa, na jibu ndilo lililopotea. Aliyetuma hana njia ya kuyatofautisha kwa kutazama kimya peke yake. Akituma tena, huenda akatoa umeme mara mbili kwa fedha ya mara moja. Asipotuma, huenda mnunuzi amedhulumiwa.

Wataalamu wa kompyuta walilijadili tatizo hili mwaka 1975, na mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani Jim Gray akalieleza kama fumbo la majemadari wawili wanaotaka kushambulia pamoja, hali wajumbe wao wanaweza kutekwa njiani. Imethibitishwa kwamba hakuna idadi yoyote ya barua za uthibitisho inayoweza kuwapa majemadari hao yakini kamili, kwa kuwa barua ya mwisho daima yaweza kuwa ndiyo iliyotekwa.

Uhandisi hauwezi kuivunja hesabu hiyo, lakini unaweza kuizunguka. Kila barua hupewa namba yake ya pekee, na mpokeaji huzitunza namba alizokwisha kuzishughulikia. Hapo aliyetuma yuko huru kutuma tena na tena: barua ikiwa mpya itafanyiwa kazi, ikiwa ya kale, atarudishiwa jibu lile la kwanza. Hatari ya kurudia imeondoka. Camel ina ruwaza hii, na inamtaka mtumiaji achague namba hizo zitunzwe wapi. Zikitunzwa katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kazi huwa nyepesi, lakini mashine ikizimika namba zote zimesahaulika, na barua ya jana inaweza kufanyiwa kazi tena leo. Zikitunzwa katika faili au kanzidata, hubaki. Uchaguzi huu ni maneno machache tu katika msimbo, na unaweza kuwa tofauti kati ya hesabu inayolingana na hesabu isiyolingana.

Mita ya umeme yenyewe ni mpokeaji asiyerudia kazi. Mtu akiingiza tarakimu zile zile 20 mara ya pili, mita huzikataa. Haikuuliza popote, mita nyingi za aina hii hazina mawasiliano yoyote na ofisi. Ndani ya tarakimu hizo mna namba ya utambulisho, na mita huikumbuka.

MKATABA WENYE UMRI

Namba hiyo ya utambulisho ina historia inayostahili kujulikana na kila mwanafunzi. Mita za malipo ya kabla katika nchi nyingi hufuata kanuni iliyoanzia Afrika Kusini, iitwayo STS. Kwa kanuni hiyo, utambulisho wa kila ununuzi ni idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, nao uliandikwa kwa biti 24. Biti 24 zinaweza kuandika namba 16,777,216 tu. Dakika hizo ukizigawa kwa 1,440, yaani dakika za siku moja, utapata siku 11,650 na ushei, ambazo ni miaka 31 na karibu miezi 11. Hesabu ikianza tarehe 1 Januari 1993, namba zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024.

Ilibidi basi, kabla ya siku hiyo, mamilioni ya mita katika nchi mbalimbali, Tanzania na Kenya zikiwamo, zipewe funguo mpya na tarehe mpya ya kuanzia. Wanunuzi wengi wanakumbuka kwamba katika ununuzi mmoja walipokea mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya fungu moja, wakaagizwa kuyaingiza yote kwa utaratibu wake. Mafungu mawili ya kwanza hayakuwa umeme. Yalikuwa makubaliano mapya kati ya mfumo wa mauzo na mita, yaliyopelekwa kwa mkono wa mnunuzi mwenyewe.

Waliochagua biti 24 hawakukosa akili. Kila tarakimu iliyoongezwa ingemsumbua anayeiingiza kwa kidole. Lakini mfano huu unaonyesha kwamba makubaliano kati ya mifumo ni mkataba, na mkataba una umri. Anayeunganisha mifumo lazima aandike mahali panapoonekana: kila namba ni ya kipimo gani, imeanzia wapi, na itakwisha lini.

Kiunzi nacho hakiepuki uangalizi. Mwezi Machi 2025 ilitangazwa kasoro ya usalama katika Camel. Kichujio kilichopaswa kuzuia baadhi ya maneno yanayotoka nje yasiingie katika vichwa vya ujumbe kilitazama namna chache tu za kuandika herufi kubwa na ndogo, hivyo mtu aliyezichanganya kwa namna nyingine aliweza kukipita. Marekebisho yalitolewa, lakini yalimfaa yule tu aliyeweka toleo jipya. Programu huria hainunuliwi, lakini hutunzwa, na utunzaji una gharama yake.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu asiye na kompyuta anaweza kufundisha sehemu kubwa ya mambo haya kwa karatasi na dadu. Darasa ligawanywe katika makundi matano: usajili, daktari, maabara, dawa na malipo. Kila kundi lipewe kanuni yake ya kuandika saa na tarehe, bila kuzijua za wengine. Tarishi mmoja achukue barua. Kila achukuapo barua, iwe ya ombi au ya jibu, arushe dadu. Ikitoka 6, barua imepotea na asiseme neno.

Baada ya nusu saa wanafunzi wahesabu makosa, na wayagawe mafungu mawili: ya maana na ya njiani. Kisha wapige hesabu ifuatayo. Nafasi ya ombi kufika na jibu kurudi ni 5/6 × 5/6, yaani 25/36. Nafasi ya kutopata jibu ni 11/36. Katika hizo 11, sita ni za ombi lililopotea, na tano ni za ombi lililofika na kufanyiwa kazi lakini jibu likapotea. Kwa hiyo karibu nusu ya vimya vyote ni vya kazi iliyokwisha fanyika. Duru ya pili ichezwe kwa lugha ya pamoja ya tarehe, na kwa namba ya pekee juu ya kila barua. Wanafunzi walinganishe matokeo.

HITIMISHO

Nchi zinazoendelea zimekwisha kununua mifumo mingi ya kompyuta, na zitanunua mingine. Swali la leo ni nani anayeshika fundo linaloiunganisha. Fundo likiwa mali iliyofungwa ya muuzaji, kila badiliko dogo la fomu au la sheria hungoja ruhusa na bei yake. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga mfumo uitwao GovESB ili mifumo ya taasisi za umma ibadilishane taarifa kupitia mahali pamoja. Kazi kama hiyo inahitaji vijana wanaojua kuandika programu, na wanaojua pia kuuliza maswali ya mkalimani: neno hili lina maana gani kwako, na nikikosa jibu lako nifanye nini?

Viunzi huria vimefungua mlango wa karakana hiyo kwa yeyote mwenye kompyuta moja na subira. Ruwaza zimeandikwa, na msimbo unasomeka. Kilichobaki ni wanafunzi kuingia, kutia mafaili yao katika folda, kuyaharibu kwa makusudi, na kujua kwa hakika ni kwa nini yaliharibika.